Mkono wa Zacarias

Nalisema mapema ili baadaye nisije nikaambiwa nimeficha: nilikuwa na wivu. Wala si wivu wa mwanamke, wala wa jirani aliyeezeka bati. Niliionea wivu komputadori. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, mwenye wajukuu, nakosa hamu ya kula kwa sababu ya kitu cha kuchomekwa ukutani.

Jina langu Abdulcarimo, fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye njia ya kushukia sokoni. Hapo pana cherehani moja, mabenchi mawili na bao la kete. Bao hilo lilichongwa na Zacarias, seremala, Mmakonde wa Nangade aliyehamia huku vita vilipokwisha. Tangu alichonge mpaka mwaka ninaousimulia ni miaka kumi na tisa. Kila siku nikishasali alasiri yeye alitokea na unga wa mbao kwenye nyusi, akakaa mbele yangu, nami nikamfunga.

Sheria ya kibaraza changu ni moja tu: aliyefungwa anainuka, anayefuata anakaa. Mimi nilikuwa siinuki. Walikuja watu kutoka Mocímboa da Praia, wakainuka. Mwalimu mmoja alivuka mpaka wa Namoto kutoka Tanzania kuja kunijaribu, na siku ileile akavuka kurudi kwao. Zacarias naye aliinuka, lakini hakuondoka. Alikwenda mwisho wa foleni, akasubiri, zamu ikamfikia tena. Siku nyingine nilimfunga mara nne kabla ya magharibi, na kesho yake akaja.

Wengine niliwafunga tu. Zacarias nilicheza naye. Anayejua bao atanielewa. Kulikuwa na michezo ambayo alinibana mpaka nikasahau suruali ya mteja kwenye cherehani, nikawa nasikia moyo wangu unavyopiga. Kwa raha ile sikuwa nahitaji kitu kingine duniani, na nilidhani na yeye vilevile.

Kisha ikaja gesi. Gesi yenyewe hatukuiona, ilikuwa chini ya bahari huko. Tulichokiona sisi ni watu. Chumba kilichokuwa hakipangishwi na mtu kikapandishwa kodi mara kumi, na kila mwenye uwanja akataka kujenga nyumba ya wageni. Nyumba za wageni zinataka milango na vitanda, kwa hiyo Zacarias akapata kazi mpaka akaanza kukimbia wateja. Binti yake, Márcia, aliyesomea Pemba, akaajiriwa na kampuni mojawapo ya gesi kuwa mkalimani kwenye mikutano na wanakijiji. Mimi nikashona sare za madereva. Sote tulikuwa tunacheka, sikatai.

Mwezi mmoja Zacarias alijikata mguu kwa tezo. Akalazwa kwake wiki tatu, mguu juu ya mto. Nilikwenda kumtazama kila baada ya siku mbili, na nilipokwenda mara ya tatu nikakuta amewekewa mapajani komputadori kuukuu ambayo Márcia alipewa kazini. Ndani yake mlikuwa na bao. Mashimo thelathini na mawili, nyumba, kete zote, kila kitu. Ukigusa shimo, kete zinasambaa zenyewe na kulia tok, tok, tok.

"Mtani, njoo uone," akaniambia. "Jamaa huyu anacheza!"

Nikaona. Nikasema ni mchezo wa watoto, nikaondoka bila kumaliza chai.

Mguu ukapona. Alasiri ya kwanza nilimwekea kiti chake, hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikajifanya naenda kununua misumari, nikapita dirishani kwake. Nikasikia tok, tok, tok, kisha nikamsikia Zacarias anacheka. Alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyefurahishwa kweli. Mimi kwa miaka kumi na tisa sijawahi kumchekesha vile. Nilirudi nyumbani bila misumari.

Mke wangu, Zaida, hana huruma. Aliponiona nimenuna akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Baba Sumaia, pole. Umeletewa mke mwenza."

"Acha utani."

"Utani wapi? Mimi ningeletewa, ningekaa hivyohivyo ulivyokaa. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda. Haya, kula."

Sikula.

Kubwa zaidi ni lile alilonifanyia Zacarias mwenyewe, tena kwa moyo mweupe. Alikuja kibarazani asubuhi moja, nikafurahi mpaka nikasimama. Kumbe amekuja kama mteja. Amekuja na kipande cha kitenge kipya na ile komputadori kwapani. Anataka niishonee mfuko, isiingie unga wa mbao.

Nikaipima. Nilipitisha utepe wangu kwenye kiuno cha adui yangu, nikaandika vipimo. Ilikuwa nyembamba na ya baridi, na Zacarias alikuwa ananiambia, "Taratibu, mtani, taratibu," kama nimeshika mtoto mchanga. Mimi hajawahi kuniambia nishike kitu taratibu. Nikashona mfuko ule na nikaupunguza kidole kimoja kwa makusudi. Ulipokataa kuingia akanitazama kwa mshangao, kwa sababu sijawahi kukosea kipimo. Nikaufumua, nikashona upya, na sikumtoza, kwa aibu.

Alipokuwa anaufunga mkanda wa mfuko akasema, bila kujisifu, "Unajua namfunga? Kila mara tatu au nne, moja naipata."

Nikacheka. "Wewe? Basi huyo hajui kitu."

"Haya," akasema. Hakukasirika. Zacarias hakasiriki, na hilo nalo lilikuwa linaniudhi.

"Mlete hapa Jumamosi," nikasema. Maneno yalinitoka kabla sijayapanga. "Nikimfunga, unarudi kwenye kiti chako kila alasiri, kama zamani. Akinifunga yeye, sitakuja tena kugonga mlango wako. Mkae nyie wawili."

Akanitazama kama ananipima mimi sasa. "Kwani nimekukosea nini, mtani?"

"Unamleta au humleti?"

"Nitamleta."

Nikaweka sharti moja, na hapa ndipo penye siri yangu. Nilisema sichezi kwenye kioo. Tutacheza kwenye bao la mti, kwa kete za kushikika, na kwa kuwa mashine haina mkono, Zacarias atakuwa mkono wake. Nikicheza mimi, yeye ataigusia mashine shimo nililocheza. Ikicheza mashine, yeye ataitazama kwenye kioo na kuzitia kete kwenye mti. Kila mtu aliona ni sharti la haki, Zacarias naye akaona hivyo.

Haikuwa haki. Mimi ni mshonaji, kazi yangu ni kutazama miili ya watu. Mwaka wa kwanza tu wa kucheza na Zacarias niliona kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote, hata Zaida. Zacarias akiwa na shaka, akiogopa zamu inayokuja, kabla ya kutia kete huizungusha kwa dole gumba la mkono wa kulia. Anaizungusha na kuizungusha. Akiwa na mtego tayari, anaitia papo hapo. Kwa hiyo mimi nilikuwa najua lini nijihadhari na lini nijiachie. Pale aliponibana mpaka moyo ukagonga, nilitazama dole, nikapata jibu. Si kila mara, nisijidharau, lakini mara nyingi. Na sasa nilikuwa nauweka mkono huohuo mbele yangu ili uniambie yaliyomo ndani ya mashine.

Jumamosi kibaraza kilijaa. Raimundo, muuza samaki, alifunga biashara mapema akakaa benchi la mbele. Feliciano, dereva wa kampuni, alikuja na sare niliyomshonea mwenyewe. Hata Zaida alisimama mlangoni, jambo ambalo halifanyi. Márcia akaiweka komputadori juu ya kigoda, kando ya baba yake, akakaa nyuma ili ahakikishe linaguswa shimo la kweli.

"Shikamoo, tio," akaniambia; ndivyo anavyoniita, mjomba kwa Kireno.

"Marahaba. Mwambie mgeni wako akaze kamba."

Tukapanga: kete sita kwenye nyumba, mbili, mbili, zilizobaki ishirini na mbili kila mtu mkononi. Mimi nikaanza.

Ilicheza vizuri, siwezi kusema uongo. Haikuwa na pupa. Nilipotega, haikula. Nilipoacha shimo wazi, ilipita kando. Nikaanza kutoka jasho mgongoni, na katikati ya jasho hilo nikaona kitu kilichonichoma zaidi: ilikuwa inanipa raha ileile. Raha niliyodhani ni yangu na Zacarias tu, ilikuwa inatoka kwenye bati. Sasa nikaelewa kwa nini alicheka, na kuelewa huko hakukunisaidia. Nilizidi kuichukia.

Nilipobakiwa na kete nane mkononi, na wao tisa, nyumba yangu ilikuwa na kete kumi na tatu. Ilikuwa zamu yao. Zacarias akatazama kioo, akachukua kete yao, akainyanyua. Hakuitia. Dole gumba likaanza kuizungusha. Likazungusha, likazungusha, mpaka Márcia akamwambia baba yake, "Pai, ni shimo la tatu," ndipo akaitia.

Nikasema moyoni: nimekupata. Anaogopa. Hana kitu.

Nikatia kete yangu, nikala nne, nikazisambaza kuanzia kichwani, na ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yangu, mbele yake kukiwa kutupu. Ikawa kumi na nne. Hapo mchezaji ana hiari. Anaweza kulala, nyumba ikabaki na mchezo ukaenda polepole. Au anaweza kusafiri: azichote kete zote za nyumba azimwage bao zima, na kama hakuishia pazuri amekwisha. Mtu mwenye akili angelala. Hata Raimundo, ambaye ni bao bovu, asiyejua mchezo, alinong'ona, "Lala, fundi." Lakini mimi nilikuwa sitazami bao. Nilikuwa namtazama Zacarias, na Zacarias alikuwa bado anajikuna kiganja kwa lile dole.

Nikasafiri. Kete kumi na nne nikazipeleka safari, tok, tok, tok, na ya mwisho ikaanguka shimo tupu. Kete zangu zimetawanyika mstari mzima wa mbele, hazina ulinzi, chakula kimetandazwa mkekani.

Mashine haikufikiri hata kidogo. Zacarias alitazama kioo, akafumba macho, akafumbua, akaanza kula. Alikula, akasambaza, akala tena, akasambaza. Zamu yangu nikapata kujitikisa tu. Zamu yao wakala tena. Zamu ya tatu mstari wangu wa mbele ukawa mweupe kabisa, na mimi nina kete tano mkononi sijazicheza. Kufungwa mkononi. Mara ya mwisho nilifungwa mkononi nilikuwa kijana sijaoa.

Hapakuwa na kelele. Nilitegemea vigelegele, nilitegemea matusi ya utani, ningejua la kujibu. Wote walitazama chini. Hasira ikanipanda, na haikupanda kwa mashine. Ilipanda kwa yule niliyemjua.

"Umenidanganya!" nikamwambia Zacarias.

"Mimi? Mimi nimetia alichosema."

"Ulikuwa unaizungusha ile kete! Dole lako! Ukiogopa unazungusha kete kwa dole, na ukiwa na mtego huzungushi. Miaka kumi na tisa unafanya hivyo, leo umenigeuzia makusudi!"

Nikasikia nilichokisema baada ya kukisema. Zaida akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

Zacarias aliunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama. Akalikunja dole, akalikunjua. Ni mkono ninaoujua kuliko wangu, una kovu la msumeno chini ya kidole cha shahada.

"Niliogopa kweli," akasema polepole. "Niliuona mtego wake. Nikaona unakwenda kuingia. Nilikuwa nakuogopea wewe, mtani, na sikuwa na ruhusa ya kusema."

Nikaziweka chini zile kete zangu tano.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema.

"Si kila mara," nikasema.

"Si kila mara," akarudia. Akamgeukia binti yake. "Márcia, fecha. Funga hiyo."

Márcia akaifunga, akaitia kwenye mfuko wangu wa kitenge. Raimundo akakohoa. Sheria ni sheria: aliyefungwa anainuka, na mimi nilikuwa bado nimekaa. Wote walikuwa wanangoja nione haya. Asiyekubali kushindwa si mshindani, hilo nimewaambia wengine mara elfu, kwa sauti.

"Siinuki," nikasema. "Aliyenifunga hana makalio. Kiti hiki hakiwezi kukaliwa na mashine."

Wakacheka kidogo, kwa kunihurumia. Zacarias hakucheka. Alianza kupanga kete upya, sita, mbili, mbili.

"Sawa. Basi cheza na mwenye makalio."

"Nimeshindwa dau. Nimesema sitagonga mlango wako, ahadi ni deni."

"Hujagonga. Mimi ndiye niko kwako, na kibaraza hakina mlango. Anza."

Kisha akafanya jambo ambalo halitanitoka kichwani. Mkono wa kulia akaukalia. Akauweka chini ya paja, akachukua kete zake kwa mkono wa kushoto. Kwetu mtu hampi mwenzake kitu kwa mkono wa kushoto, na yeye miaka yote kibarazani kwangu aliliheshimu hilo. Nikalimeza hilo. Nilikuwa nimeyataka mwenyewe.

Nilitazama mkono ule wa kushoto mchezo mzima. Ulikuwa mkono wa mtu nisiyemjua. Ulichota, ulitia, ulisambaza, haukuniambia chochote. Nilipotaka kujua kama anaogopa, nikalazimika kulitazama bao, na kwenye bao niliona kitu ambacho ningekiona siku nyingi kama ningekuwa nacheza badala ya kuchungulia. Zacarias alikuwa bora kuliko mimi. Si kwa mengi. Alikuwa anaona zamu moja mbele yangu, pengine tangu zamani, na kila alipoiona hiyo zamu dole lake lilikuja kuniambia. Yule asiye na macho ya kumchungulia, aliyecheza naye kwenye kioo, alikuwa anafungwa mchezo mmoja katika mitatu au minne. Zacarias hakuniongopea. Mimi ndiye niliyemcheka.

Hakunifunga mkononi, alinistahi. Tulifika mpaka kete zote zikawa baoni, tukaenda, tukarudi, nikajitetea mpaka nikaishiwa. Alipokula shimo langu la mwisho la mbele akatoa pumzi ndefu.

"Hamna," akasema.

"Hamna," nikasema.

Akanitazama. Nilidhani atacheka, au atasema neno litakalonipasua, na alikuwa na haki yake. Aliniambia tu, "Nitakuja Jumatatu pia."

Nilitakiwa kufurahi. Nililoliwekea dau limetokea: amerudi. Akarudi kweli, alasiri ya Jumatatu na zote zilizofuata, na ile mashine Márcia aliichukua kwenda nayo kazini. Lakini Jumamosi ile nilikuwa nimefungwa na mtu mwenye makalio, na kiti kilikuwa kinanisubiri nikiachie. Nikainuka. Raimundo, bao bovu, akajipangusa magamba kwenye suruali, akakaa pale nilipokaa miaka kumi na tisa, mahali pangu pa moto.

Zacarias akamtolea Raimundo mkono wa kulia. Akautoa chini ya paja, akaukunjua, akachota kete kwa raha zake, na ilipofika zamu ngumu akaizungusha kete kwa dole mbele ya watu wote, kwa sababu Raimundo hajui kutazama. Raimundo akasema upuuzi fulani kuhusu pweza. Zacarias akacheka kile kicheko nilichokisikia dirishani.

Wivu niliouona kwa komputadori ulikuwa mzaha. Nilisimama kwenye kibaraza changu mwenyewe, utepe wa kupimia shingoni, kifua kinaniwaka, natamani Raimundo afungwe haraka, na nikajua kwamba akifungwa yeye anafuata Feliciano, na baada ya Feliciano wako wengine.

"Nani wa mwisho?" nikauliza.

Mzee mmoja wa soko akanyoosha mkono. Nikaenda, nikasimama nyuma yake.